Tabaka za Bonde: Historia ya Uangavu katika Ramani za Kilombero

Mngeta iko kati ya Ifakara na Mlimba, mahali ambapo milima ya Udzungwa inashuka kwa ghafla na kuliachia nafasi bonde la Mto Kilombero. Pale chini, juu ya ardhi ileile moja, pamepangana mambo mengi: mito inayotoka mlimani, mashamba ya mpunga, reli ya TAZARA, shamba kubwa lililopimwa na kupewa hati, ardhi ya vijiji, na ardhi oevu yenye hadhi ya kimataifa. Hakuna ramani ya karatasi moja inayoweza kuyasema yote hayo kwa mkupuo bila kuyachora moja juu ya jingine. Ndiyo maana swali linaloonekana dogo na la mafundi wa kompyuta peke yao, yaani namna ya kuhamisha mchoro wa vekta kwenda kwenye programu ya kuhariri picha bila kupoteza uangavu wake, lina historia ndefu katika bonde hili na lina uzito kuliko linavyodhaniwa. Hoja ya makala hii ni kwamba uangavu ndio njia ambayo mchora ramani huitumia kuonyesha kwamba chini ya dai moja lipo dai jingine, na kwamba baadhi ya mipaka haina ukali wa mstari. Unapopotea, ramani huanza kudai uhakika ambao hakuna aliyewahi kuuthibitisha.

Tuanze na maana. Mchoro wa vekta huhifadhiwa kwa maelezo ya maumbo: mstari huu unaanzia hapa na kuishia pale, eneo hili lina rangi ya kijani, na kijani hiki kinafunika nusu tu ya kilicho chini yake. Picha ya kawaida huhifadhiwa kwa pikseli, vijidoa vidogo vilivyopangwa kwa safu, kila kimoja na rangi yake. Mchoro unapogeuzwa kuwa picha, kompyuta hulazimika kuamua kila pikseli itabeba nini. Kama faili inayopokea ina nafasi ya kuandika kiasi cha uangavu, pikseli itabeba rangi pamoja na kipimo cha kiasi gani inafunika. Kama haina nafasi hiyo, programu itachanganya rangi za juu na za chini, itoe rangi moja, na palipokuwa patupu itapaka weupe. Baada ya hapo huwezi tena kuuliza kilichokuwa chini ni nini. Jibu limeshafutwa.

Mafundi wa ramani waliutambua ugumu huu kabla ya kompyuta kuwapo. Wakati wa utawala wa Wajerumani, bonde hili liliingizwa katika ramani kubwa ya Afrika Mashariki ya Kijerumani iliyotengenezwa Berlin kwa kipimo cha 1:300,000, kazi ambayo majina ya Paul Sprigade na Max Moisel yanaambatana nayo. Malighafi yake ilikuwa njia za wasafiri na maofisa, zilizopimwa kwa dira na kwa muda wa kutembea, kisha zikaunganishwa na wachoraji waliokuwa mbali sana na Kilombero, mto ambao ramani za enzi hiyo ziliuita zaidi Ulanga. Uchapaji wa rangi wa zama hizo ulikuwa wa mawe: kila rangi ilikuwa na jiwe lake, na karatasi ilipitishwa juu ya jiwe moja baada ya jingine. Kwa kuwa wino mzito ungeziba uliotangulia, wachapaji walitumia michirizi na nukta ili rangi ya chini iendelee kuonekana katikati ya alama za juu. Kwa hiyo tangu mwanzo kulikuwa na hali mbili za ramani ileile. Ndani ya karakana kulikuwa na mawe yaliyotenganishwa, ambayo fundi angeweza kurekebisha moja bila kugusa mengine. Nje ya karakana kulikuwa na karatasi iliyokwisha kubanwa, ambayo msomaji angeweza kuitazama tu. Mgawanyiko huo, wa anayeshika tabaka na anayeshika nakala, umedumu hadi leo.

Waingereza walipolichukua eneo hili, bonde likaanza kutazamwa kama mahali pa miradi. Mwaka 1929 ilitoka ripoti ya A. M. Telford kuhusu maendeleo ya mabonde ya Rufiji na Kilombero, na katika miaka hiyohiyo Clement Gillman, mhandisi wa reli aliyekuja kuwa mwanajiografia mashuhuri wa Tanganyika, alikuwa akipima njia za reli za kufungua kusini magharibi mwa nchi. Kazi ya namna hiyo ilifanywa kwa karatasi angavu za kunakilishia. Mhandisi aliilaza karatasi yake juu ya ramani ya msingi, akachora njia anayoipendekeza, akaiinua, akalaza nyingine yenye njia tofauti. Ramani ya msingi ilibaki salama, na mapendekezo yalibaki mapendekezo. Karatasi ile ilitenganisha kwa macho kile kilichopo na kile kinachotakiwa kuwepo, na mtu yeyote aliyekuwa mezani aliweza kuuona mto chini ya mstari wa wino wa mhandisi.

Katika miaka ya 1950 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilifanya uchunguzi mkubwa wa bonde zima la Rufiji, ambalo Kilombero ni mkono wake muhimu, na matokeo yakachapishwa Roma mwaka 1961 katika juzuu kadhaa. Maji, udongo, mafuriko na uwezekano wa umwagiliaji vilichunguzwa kila kimoja kwa fani yake, kisha vikalinganishwa. Mwaka 1968 Wajerumani Ralph Jätzold na Eckhard Baum walitoa kitabu kizima kuhusu jiografia ya uchumi ya bonde la Kilombero na kingo zake. Wakati huohuo upimaji wa ramani za 1:50,000 uliendelea kwa kutumia picha za ndege, ukiongozwa na Kurugenzi ya Upimaji wa Ng'ambo ya Uingereza kwa kushirikiana na idara ya upimaji na ramani ya Dar es Salaam. Hapa mawe yalikuwa yameshapitwa na wakati. Fundi alikwangua mistari juu ya karatasi za plastiki zilizopakwa rangi, moja kwa ajili ya maji, moja kwa ajili ya mistari ya mwinuko, moja kwa ajili ya uoto, moja kwa ajili ya majina na njia. Karatasi hizo zilitobolewa matundu pembeni na kushikiliwa kwa pini ili zikae sawasawa zinapopangwa. Pini zile ndizo zilizolinda ukweli wa ramani: tabaka ikisogea hata kidogo, mto ungepita upande usio wake wa kijiji.

Ni vyema msomaji wa Afrika Mashariki ajue kwamba mchango wa eneo letu katika historia hii haukuwa wa kupokea tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Roger Tomlinson alifanya kazi katika kampuni ya upimaji wa anga ya Spartan Air Services huko Ottawa, Kanada. Kampuni hiyo ilikabiliwa na kazi ya kutafuta maeneo yanayofaa kupandwa misitu nchini Kenya. Njia iliyojulikana ilikuwa kupanga karatasi angavu za mteremko, udongo, mvua na barabara moja juu ya nyingine, kisha kutafuta mahali ambapo masharti yote yanakutana. Hesabu ilipopigwa, gharama ya kuifanya kwa mikono ilikuwa kubwa mno kubebeka. Kutokana na kushindwa huko, Tomlinson alianza kutetea wazo kwamba tabaka za ramani zingeweza kuhifadhiwa na kulinganishwa na kompyuta, na muda si mrefu akajikuta akiongoza ujenzi wa mfumo wa taarifa za kijiografia wa Kanada, ambao huhesabiwa kuwa wa kwanza wa aina yake duniani. Kwa maneno mengine, programu zinazotumika leo katika ofisi za ardhi zilizaliwa kwa sehemu kutokana na ugumu wa kutazama tabaka nyingi za ardhi ya Afrika Mashariki kwa pamoja.

Wakati fikra hiyo ikikua ng'ambo, tabaka za bonde lenyewe zilikuwa zikiongezeka. Mwaka 1952 Kilombero ilikwisha tangazwa kuwa pori tengefu kwa ajili ya wanyamapori, ambao sheshe ni mmoja wa wanaojulikana sana hapo. Kati ya 1970 na 1975 reli ya TAZARA ikajengwa kwa msaada wa China, ikakabidhiwa mwaka 1976 ikiwa na urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na vijiji vikapangwa upya kando yake katika zama za ujamaa. Mwaka 1975 ikaundwa mamlaka ya kuendeleza bonde la Rufiji, RUBADA. Mwaka 1986 ukaanza Mngeta mradi wa kilimo wa ubia kati ya Tanzania na Korea Kaskazini, ulioitwa KOTACO, na eneo lilelile likaja kuwa, kuanzia mwaka 2008, shamba la mpunga la Kilombero Plantations Limited lenye hekta 5,818. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 ikaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji. Mwaka 2002 uwanda wa mafuriko wa Kilombero ukaandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu, takriban hekta 796,735. Kuanzia 2016 programu ya kupima na kumilikisha ardhi, iliyofadhiliwa na Uingereza, Denmark na Sweden, ikafanya kazi katika wilaya za Kilombero, Ulanga na Malinyi. Kila moja ya hatua hizi ilileta mistari yake, na nyingi kati yao hazikufuta mistari iliyotangulia. Zililazwa juu yake.

Sasa tugeukie upande wa kompyuta, kwa kuwa huko ndiko uangavu ulikopewa hesabu. Mwishoni mwa miaka ya 1970, katika Taasisi ya Teknolojia ya New York, Ed Catmull na Alvy Ray Smith waliipa kila pikseli thamani ya nne zaidi ya nyekundu, kijani na bluu, wakaiita alfa. Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff, waliokuwa Lucasfilm, walichapisha kanuni za kupanga picha moja juu ya nyingine kwa kutumia thamani hiyo. Fikra yao inaeleweka vizuri na mtu aliyezoea chandarua. Uzi wa chandarua hauonyeshi kilicho nyuma yake, lakini nyuzi zimechukua sehemu tu ya nafasi, na sehemu iliyobaki inapitisha nuru. Alfa ya nusu husema hivyohivyo: rangi hii imeshika nusu ya pikseli, na nusu nyingine ni ya kilicho chini. Kwa kipimo hicho iliwezekana kwa mara ya kwanza kuhifadhi picha pamoja na utupu wake, bila kuamua mapema itawekwa juu ya nini.

Ulimwengu wa uchapaji, hata hivyo, ulishika njia nyingine. Lugha ya PostScript iliyotolewa na Adobe mwaka 1984 ilichukulia kila umbo kama rangi nzito inayoziba kabisa kilicho chini. Programu ya kuchora vekta ya Illustrator, iliyotoka 1987, ilijengwa juu ya msingi huo, na ni katika toleo la tisa la mwaka 2000 ndipo uangavu wa kweli ulipoingia. Faili za PDF ziliupokea mwaka uliofuata kupitia toleo la 1.4. Kwa upande wa picha, GIF ya mwaka 1987, hata baada ya kuboreshwa 1989, iliruhusu rangi moja tu kuwa angavu: pikseli ama ipo yote ama haipo. JPEG haikuwa na nafasi ya uangavu kabisa. PNG iliyoidhinishwa mwaka 1996 ndiyo iliyowapa watu wa kawaida alfa ya ngazi nyingi, na SVG ya mwaka 2001 ikawapa mchoro wa vekta ulio huru, unaoweza kusomwa na kila programu. Photoshop, programu ya kuhariri picha, ilikuwa imeanza kutumia tabaka mwaka 1994. Kwa hiyo hadi mwanzoni mwa karne hii kulikuwa na familia mbili za programu zilizokua mbalimbali, moja ya maumbo na nyingine ya pikseli, na mlango kati yao ulikuwa mwembamba.

Mbinu iliyotumika kupenya mlango huo ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa makini. Mchoro wenye uangavu unapohifadhiwa katika faili isiyoukubali, kama EPS, programu hukata maumbo yanapopishana. Chukua eneo la kijiji lililopakwa njano nusu angavu juu ya eneo la ardhi oevu la bluu. Panapopishana pataonekana kijani. Baada ya kukatwa, faili haina tena kijiji kimoja kamili na ardhi oevu moja kamili. Ina vipande vitatu vizito: njano iliyopungua, bluu iliyopungua, na kipande kipya cha kijani kisichokuwa mali ya tabaka yoyote. Macho hayaoni tofauti, lakini ardhi ambayo kwa kweli ina madai mawili imegeuzwa kuwa ardhi ya aina ya tatu, ambayo haimo katika sheria wala katika ufunguo wa ramani. Atakayekuja kuhariri picha hiyo baadaye anaweza kukipaka kipande cha kijani rangi yoyote, naye hatajua kwamba amekata mpaka wa kijiji.

Hali hiyo inaendelea katika kazi za kila siku. QGIS, programu huria ya ramani iliyoanzishwa na Gary Sherman mwaka 2002, huruhusu kila tabaka kupewa kiwango cha uangavu. Lakini mtumiaji anapotumia athari fulani za kuchanganya rangi, programu hulazimika kugeuza ramani kuwa pikseli inapotoa PDF au SVG, na mistari iliyokuwa hai huwa picha. Akitoa JPEG ya mpaka wa kijiji na kujaribu kuilaza juu ya picha ya setilaiti, atakuta pazia jeupe limefunika kila kitu. Akijaribu kuufuta weupe huo kwa kuchagua rangi, kingo za mistari zitabaki na ukoko mweupe, kwa sababu pikseli za pembeni zilikwisha changanywa na mandharinyuma. Na akifungua SVG ndani ya GIMP, programu huria ya kuhariri picha, uangavu utabaki lakini tabaka zote zitaingia zikiwa zimebanwa kuwa moja. Kwa hiyo uangavu una sura mbili za kulinda: utupu unaoonyesha kilicho chini ya picha nzima, na utengano wa tabaka ndani ya picha yenyewe. Mtu anaweza kuokoa wa kwanza na kupoteza wa pili asijue.

Kwa nini jambo hili liwe na uzito zaidi Mngeta kuliko mahali pengine? Kwa sababu bonde la Kilombero ni bonde la mafuriko ya msimu. Maji huongezeka kwa mvua za masika, hufikia kilele mwishoni mwake, kisha hurudi nyuma taratibu na kuacha unyevu ambao mpunga unautegemea. Ukingo wa maji wa mwezi wa Aprili si ukingo wa mwezi wa Septemba, na ukingo wa mwaka wa mvua nyingi si ukingo wa mwaka wa ukame. Mchora ramani mkweli huonyesha hali hiyo kwa rangi inayofifia: bluu nzito katikati, nyepesi pembeni, hadi inapotoweka. Kufifia huko kumejengwa kwa alfa. Ukikupitisha katika faili inayojua tu kuwapo na kutokuwapo, utatoka na mstari mkali, upande huu maji na upande huu nchi kavu. Mstari huo haukupimwa na mtu, haukujadiliwa na mkutano wa kijiji, wala haukutangazwa na serikali. Lakini ukishachapishwa na kubandikwa ukutani, una sura ileile ya mipaka iliyopimwa. Katika bonde ambalo wakulima, wafugaji, wahifadhi na wawekezaji wamevutana kwa miaka mingi kuhusu wapi hasa ardhi oevu inaanzia, mstari wa bahati mbaya unaweza kuwa silaha mkononi mwa atakayeushika kwanza.

Kuna wanaopinga hoja hii, na pingamizi zao zinastahili kujibiwa kwa heshima. La kwanza ni kwamba ramani yenye nguvu kisheria ni ile iliyofungwa. Ramani ya mpango wa matumizi ya ardhi hupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, hutiwa saini na mihuri, na haipaswi kubadilishwa na kila mwenye kompyuta. Faili yenye tabaka zilizo wazi, wanasema, ni mwaliko wa udanganyifu. Ni kweli kwamba nakala ya kisheria lazima iwe thabiti. Lakini kinachoilinda ni saini, muhuri, tarehe na nakala iliyohifadhiwa mahali panapojulikana. Kubana tabaka hakuzuii udanganyifu, kwa sababu picha bapa huhaririwa kirahisi kuliko mchoro wa vekta: kipande hufutwa, kingine hupakwa, na hakuna alama inayobaki ya kuonyesha kilichokuwapo. Tabaka zikiwa zimetengwa na kutajwa majina, mstari uliosogezwa unaweza kulinganishwa na tabaka ya awali. Aliyenuia kudanganya ananufaika zaidi na ramani ambayo chini yake hakuna kitu.

Pingamizi la pili linatoka kwa watu wa ramani wenyewe, na ndilo zito zaidi. Wanasema rangi zinazoonyeshana huwachanganya wasomaji. Njano juu ya bluu huzaa kijani, na kijani katika ramani nyingi ni msitu. Msomaji aliye kijijini ataona msitu mahali ambapo pana mgogoro. Hili ni kweli, na linatufundisha kwamba uangavu una adabu zake. Wachapaji wa mawe walikuwa na dawa nzuri: badala ya kupaka rangi nyepesi juu ya rangi, walitumia michirizi. Eneo lenye madai mawili likiwekewa michirizi ya rangi moja juu ya rangi ya pili, kila dai hubaki na sura yake na hakuna rangi ya tatu inayozaliwa. Rangi zinazofifia zibakizwe kwa vitu ambavyo kwa asili vinafifia, kama mafuriko na unyevu. Hivyo pingamizi hili linatuelekeza kuchora vizuri. Halitoi ruhusa ya kubapaza, kwani hata michirizi inahitaji nafasi tupu kati ya mistari yake, na nafasi hiyo ikijazwa weupe tabaka ya chini hupotea vilevile.

La tatu ni la uwezo. Ofisi nyingi zina kompyuta za zamani, umeme wa kukatika na intaneti ya kusuasua. Picha bapa ni nyepesi, hufunguka katika simu yoyote, na kijiji kinachohitaji ramani ukutani hakihitaji faili nzito. Nani atapinga kwamba nakala nyepesi inahitajika? Lakini kuihitaji hakulazimishi kuifanya ndiyo nakala pekee. Mchoro wa vekta wa mipaka ya kijiji mara nyingi ni mwepesi kuliko picha yake, kwa sababu huhifadhi nukta na maelezo badala ya mamilioni ya pikseli. Kinachogharimu hasa ni kumtuma mpimaji tena shambani kwa sababu faili ya awali haipatikani na iliyobaki ni picha isiyoweza kutenganishwa. Hasara ya Tomlinson nchini Kenya ilikuwa ya namna hiyo: tabaka zisipopangika kwa urahisi, uamuzi mzuri huwa ghali mpaka huachwa.

Njia sahihi haina siri. Mchoro mama uhifadhiwe kama vekta, iwe ni mradi wa QGIS pamoja na data zake au faili ya SVG, kila tabaka ikiwa na jina linaloeleza chanzo na mwaka wake: mpaka wa kijiji, mpaka wa shamba, eneo la Ramsar, reli, mito. Kabla ya kuitoa, rangi ya mandharinyuma ya ukurasa na ya ramani iondolewe, kwa kuwa mara nyingi weupe huo ni umbo halisi lililowekwa na programu. Anayekwenda kwenye GIMP kutoka Inkscape, programu huria ya kuchora vekta, anaweza kuhifadhi kwa muundo wa XCF unaotunza tabaka, au atoe kila tabaka peke yake kama PNG, zote kwa eneo la ukurasa mzima na kwa idadi ileile ya pikseli, ili zikipangwa upya zikae sawasawa. Hapo ukurasa unafanya kazi iliyofanywa zamani na pini za karatasi za plastiki. Anayetumia Illustrator achague muundo wa Photoshop na aagize tabaka ziandikwe. Ukubwa wa picha uamuliwe kabla, kwa kuwa pikseli zikishatengenezwa haziongezeki ubora. JPEG iachwe hadi mwisho kabisa, kwa nakala ya kutazama tu, na nakala hiyo iandikwe wazi kwamba imetokana na faili gani na ya tarehe gani.

Historia hii ya zaidi ya karne moja inaonyesha mwenendo usiobadilika. Tabaka zilizotengana zimekuwapo siku zote, Berlin katika mawe, Uingereza na Dar es Salaam katika plastiki, na sasa katika kompyuta za maofisa na wataalamu. Kilichowafikia watu wa bonde kimekuwa ni karatasi iliyobanwa. Zamani kulikuwa na sababu ya kweli, kwani jiwe la uchapaji halibebeki hadi Mngeta na karatasi za plastiki hazikuwa na nakala nyingi. Sababu hiyo imekwisha. Faili yenye tabaka zote za kijiji hubebeka katika kifaa cha ukubwa wa kidole, na programu za kuifungua hazilipiwi. Kwa hiyo mkataba wowote wa kupima, kupanga au kuchora ramani ya ardhi ya kijiji unapaswa kudai mambo mawili yakabidhiwe kwa pamoja: karatasi iliyotiwa muhuri, na mchoro mama wenye tabaka na uangavu wake kamili, ukihifadhiwa katika ofisi ya kijiji na katika halmashauri ya wilaya. Kijiji kikikosa fundi wa kuufungua leo, kitampata kesho miongoni mwa vijana wake. Lakini tabaka zikishabanwa na mchoro mama kupotea, hakuna fundi atakayeweza kuzirudisha, na kizazi kijacho kitalazimika kuiamini mistari isiyoeleza ilitoka wapi. Watu wanaoishi juu ya ardhi yenye madai mengi wana haki ya kuyaona madai hayo yote, kila moja kwa jina lake na mwaka wake.